Kwa nini suruali ya chenso husimamisha cheni, na jinzi mbili haziwezi

Mpe mtu suruali maalumu ya kukatia miti kwa chenso. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuiminya kwa vidole, kisha atakuangalia na kuuliza: "Yaani hiki kisponji ndo kinazuia cheni?" Ni swali zuri, na mtu anayeuliza hivyo anafikiri kisayansi kuliko anayevaa tu kwa sababu ameambiwa. Kitambaa kinawezaje kusimamisha mnyororo wa chuma wenye meno?

Leo tutalijibu swali hilo, na mfano wetu utakuwa Tura. Kama hupajui, Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati, mashariki mwa mji wa Tabora. Zamani misafara iliyotoka pwani ilivuka pori kavu la Mgunda Mkali na kuingia Unyamwezi ikitokea hapo. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba jina Tura lina maana ya "tua", yaani tua mzigo wako. Misafara imekwisha, lakini nchi yenyewe bado ni ya miombo: mtundu, muyombo, mninga, mkurungu, mkora. Palipo na mbao za aina hiyo, chenso haikosekani. Kuvuna miti hiyo kunahitaji kibali cha mamlaka za misitu. Ila kibali kinamzuia mgambo tu, cheni hakiizuii.

Sasa weka jambo moja kichwani. Kutoka Tura hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, mjini Tabora, ni zaidi ya kilomita 100. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo jeraha ambalo mtu wa mjini angeponea, mtu wa porini anaweza asifike nalo popote. Hapo ndipo suruali inapoacha kuwa mambo ya mitindo.

Kasi tunayopambana nayo

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Chenso ya kawaida ya kazi, ikiwa inakata, injini yake huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko kama 167 kila sekunde. Ndani yake kuna gia ndogo inayovuta cheni, na gia nyingi za aina hii zina meno 7. Kwa cheni ya saizi iliyozoeleka, ya inchi tatu kwa nane, kila jino la gia husukuma cheni milimita 19. Saba mara 19 ni milimita 133 kwa kila mzunguko. Zidisha kwa 167, unapata mita 22 kwa sekunde.

Mita 22 kwa sekunde ni sawa na kilomita 80 kwa saa. Ndiyo kasi ya juu ambayo sheria inaliruhusu basi la abiria kwenye barabara kuu zetu. Tofauti ni kwamba basi hili lina meno ya kukata kila baada ya sentimita 4 hivi. Maana yake, sehemu yoyote ya mwili inayogusa cheni inapitiwa na meno zaidi ya 500 kwa sekunde moja.

Na hiyo ni wakati msumeno una kazi. Tawi likishakatika, mzigo unaondoka ghafla, na kama kidole bado kimebana mafuta injini inapanda hadi 13,000 au zaidi. Cheni inafika karibu mita 29 kwa sekunde. Cheni inakuwa na kasi kubwa zaidi pale pale inapotoka kwenye tawi na kushuka kuelekea mguuni kwako.

Binadamu anahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde ili kuona hatari na kuanza kufanya kitu. Kwa muda huo cheni imeshasafiri zaidi ya mita 4. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi niko makini, siwezi kujikata" anaahidi kitu ambacho mishipa yake ya fahamu haina uwezo nacho.

Suruali inafanya nini hasa?

Watu wengi hudhani suruali ya chenso ni ngumu kiasi kwamba meno yanateleza juu yake. Sivyo. Cheni inaingia kwenye suruali hiyo kirahisi tu, na inatakiwa iingie.

Umewahi kuona kanga ikinaswa kwenye cheni ya bodaboda au gurudumu la baiskeli? Kitambaa laini kabisa, lakini gurudumu linakwama. Kanga haikuwa na nguvu kuliko pikipiki. Ilijizungusha tu, ikajaza nafasi, mashine ikakosa pa kuzungukia. Suruali ya chenso ni ajali hiyo hiyo, ila imetengenezwa makusudi ili imuokoe mtu.

Chini ya kitambaa cha juu kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu zilizolala kwa kulegea. Nyuzi hizo zinaweza kuwa za poliesta, nailoni au aramidi, jamii ya Kevlar ambayo mkemia Stephanie Kwolek wa Marekani aliivumbua mwaka 1965. Jino la cheni linapopasua kitambaa cha juu, linazidaka nyuzi hizo na kuzivuta. Kwa kuwa ni ndefu na hazikushonwa kwa kubana, zinatoka kama pamba kwenye godoro lililopasuka, zinakimbizwa na cheni hadi kwenye gia, zinaizunguka, zinaisonga. Cheni inasimama ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa unaelewa kwa nini jinzi hazisaidii, hata ukivaa mbili. Uzi wa jinzi ni mfupi, umefumwa kwa kubana, na jino linaukata bila kuuvuta, kwa hiyo hakuna cha kufika kwenye gia. Ovaroli nene ni hivyo hivyo. Na ngozi ya ng'ombe? Cheni inayokata mkora haitashindwa na ngozi.

Kuna angalizo kwa wanaohamia kwenye misumeno ya umeme au betri. Mota ya umeme ina nguvu ya kuzungusha hata inapoanza kukabwa, kwa hiyo nyuzi huweza kushindwa kuisimamisha kama zinavyosimamisha injini ya petroli. Usiamini kwamba msumeno usio na kelele ni mpole.

Soma lebo kabla ya bei

Suruali halisi ina alama ya msumeno kwenye lebo, na karibu yake namba ya kiwango. Zile za zamani zina EN 381, mpya zina ISO 11393. Halafu kuna daraja, ambalo linaeleza kasi ya cheni iliyotumika kuipima:

Daraja 0: mita 16 kwa sekunde.
Daraja 1: mita 20 kwa sekunde.
Daraja 2: mita 24 kwa sekunde.
Daraja 3: mita 28 kwa sekunde.

Ukilinganisha na hesabu yetu ya juu, utaona kwamba hakuna daraja linalokupa uhakika wa asilimia mia kwa kila mashine. Suruali inakununulia muda, na jeraha la kushonwa nyuzi sita badala ya kupoteza mguu. Hiyo bado ni biashara nzuri sana.

Kuna pia herufi. Aina A hulinda mbele ya mguu tu, aina C hulinda mguu pande zote. Kwa mkataji anayesimama chini na kushika mashine ipasavyo, hatari kubwa iko mbele, hasa paja na goti la kushoto, kwa sababu msumeno ukishuka baada ya kukata huangukia upande huo.

Ukikutana na suruali ya namna hii kwenye mitumba, usiikimbilie wala usiidharau. Iangalie. Kama lebo imefutika, huna unachojua kuhusu hiyo nguo. Kama imewahi kukatwa hadi ndani, hata kidogo, nyuzi zake zimeshavutwa, haifai tena. Kama fundi cherehani ameipitisha sindano hadi kwenye tabaka za ndani, amezifunga nyuzi zisitoke, yaani ameigeuza kuwa jinzi ya bei mbaya. Na kama imelowa oili ikakauka ikawa ngumu, nyuzi zimegandana. Ndiyo maana suruali hizi zinafuliwa kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, bila pasi, na zinaanikwa kivulini.

Sehemu nyingine za mwili

Masikio. Chenso hutoa kelele ya desibeli 100 na zaidi sikioni mwa anayeishika. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unagawanywa kwa mbili. Ukifika 100, umebaki na dakika 15. Ukiwa wa kwanza kukata asubuhi, kabla chai haijachemka umeshamaliza kiwango chako cha siku. Hapa tofauti na mguu ni hii: mguu unaweza usikatwe maisha yote, lakini sikio lisilozibwa linaumia kila siku, na kilichokufa ndani yake hakiruhusiwi kurudi. Viziba masikio vya sponji ni vya bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote hapa. Pamba ya kawaida haitoshi.

Kichwa. Kofia ngumu ya ujenzi inasaidia kwa matawi makavu yanayodondoka mti unapotikisika. Helmeti ya bodaboda haikutengenezwa kwa kazi hii, inaziba masikio bila kuyalinda na inakupikia ubongo.

Macho. Wavu wa mbele wa kofia huzuia vipande, lakini vumbi linapita. Ongeza miwani miangavu. Miwani myeusi ya kuchomea vyuma weka pembeni, porini unahitaji kuona.

Miguu. Kandambili, katambuga na yeboyebo havina nafasi hapa. Buti la mvua la mpira linakukinga na nyoka na matope, cheni halina habari nayo. Buti lenye chuma kwenye vidole ni bora zaidi, hasa gogo likikudondokea. Buti lililotengenezwa kwa chenso lenyewe lina alama ya msumeno, kama suruali.

Mikono. Glovu za ngozi hukupa mshiko na kuzuia miiba. Lakini mtetemo wa mashine unapita hata ukizivaa, na miaka ikienda vidole hufa ganzi na kupauka, hasa asubuhi ya baridi. Dawa yake ni kupumzika mara kwa mara na kubadilishana kazi. Na shati lichomekwe. Shuka, skafu na mkono wa shati unaoning'inia ni kanga ileile ya bodaboda, safari hii ikikuvuta wewe.

Teke ambalo nguo haiwezi kulizuia

Kuna ajali moja ambayo inakuja usoni na shingoni, mahali ambapo huna suruali. Mafundi wengine huiita teke. Ubapa wa chuma unaobeba cheni una ncha ya mviringo. Kwenye robo ya juu ya ncha hiyo, meno yanakwenda mbele na kushuka. Yakigusa gogo na kukwama, nguvu yote inageuka, na mashine inarushwa juu na nyuma kuelekea kwako, haraka kuliko unavyoweza kupepesa.

Kinga yake iko kwenye mashine na mwilini mwako. Ile kadi ya plastiki iliyo mbele ya mshikio wa kushoto ni breki ya cheni. Ikiwa imevunjika au imefungwa kwa waya, usiwashe mashine. Shika kwa mikono miwili, dole gumba la kushoto lizunguke mshikio kwa chini. Usikate kwa ncha. Usikate juu ya usawa wa mabega. Noa cheni, kwa maana butu inakulazimisha kusukuma, na anayesukuma hupoteza mizani mti unapoachia.

Tatizo la Tabora: joto na nyuki

"Kaka, nikivaa hayo yote Oktoba nitakufa kwa joto kabla ya chenso kuniua." Hoja hiyo si ya uvivu. Oktoba mchana Tabora hupita nyuzi 30, na mtu aliyechoka kwa joto hufanya maamuzi mabovu. Misafara ya Mgunda Mkali ilijua: porini pale kiu ilikuwa adui kuliko chui.

Jibu ni kuchagua nguo inayokubaliana na hali ya hewa. Badala ya suruali nzima kuna kikinga miguu cha kufunga, kile kinachovaliwa juu ya suruali ya kawaida kama aproni ya miguu miwili, wazi kwa nyuma. Hewa inapita. Kikinga daraja 1 kinachovaliwa kila siku ni bora kuliko suruali daraja 3 iliyoning'inizwa ukutani. Kisha panga kazi ya msumeno kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, kazi nyingine zifuate, na maji yawe karibu kama petroli ilivyo karibu.

Halafu nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na mti mzee wenye uwazi ndani ni nyumba yao. Wanachukizwa na mtetemo, nawe ukiwa umeziba masikio hutawasikia. Kabla ya kuwasha, zunguka mti, tafuta tundu, gonga kwa mpini wa shoka, sikiliza. Wakitoka mashine ikiwa inanguruma, zima kwanza, weka chini, ndo ukimbie. Kukimbia na cheni inayozunguka ni kubadilisha sumu ya nyuki kwa kitu kibaya zaidi.

Na tukiwa kwa nyuki, angalia warina asali wa mkoa huo huo. Anayetumia vazi la nyuki hamwambii mtu kwamba yeye ni mwoga. Wavu usoni, glovu, miguu iliyobanwa: kila kipande kipo mahali nyuki anapouma. Vazi la chenso lina mantiki hiyo hiyo, ila limekosa heshima hiyo.

Nani anunue?

Hapa ndipo mada inapokwama kila mara. Mara nyingi mwenye chenso ni mtu mmoja na anayeishika ni mwingine, kijana anayelipwa kwa siku au kwa mti. Kijana anaambiwa ajinunulie kinga, naye ujira wake hauruhusu. Basi anaingia na kandambili.

Nafikiri tunalihesabu jambo hili vibaya. Tajiri hamwambii kijana aje na petroli yake, oili yake, cheni yake. Vitu hivyo ni vya mashine. Kikinga miguu nacho ni cha mashine. Kinafungwa kwa mikanda inayolegezwa na kukazwa, kinamtosha mrefu na mfupi, na kwa kuwa msumeno mmoja unashikwa na mtu mmoja kwa wakati, kundi la watu watano halihitaji vikinga vitano. Linahitaji kimoja kinachotembea na chenso: anayeipokea mashine anakipokea pamoja nayo, na anayekabidhi anavua. Viziba masikio tu ndivyo kila mtu awe na vyake.

Sheria nayo inaelekea huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kazi ya porini ni kazi kama ya kiwandani, hata kama hakuna geti.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, fuata mpangilio huu: viziba masikio na miwani leo, buti na kofia zikifuata, na kikinga miguu kiingie kwenye bajeti ya mashine yenyewe, siku inaponunuliwa. Anayeweza kununua chenso bila kikinga amenunua nusu ya chenso.

Ikitokea

Usikate peke yako. Mwenzako asimame mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti unaoangushwa, lakini aweze kukuona. Jeraha likitokea, bana kwa nguvu na kitambaa safi na usiachie ili kuchungulia. Kama damu inaruka na haizuiliki, na ni mkono au mguu, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, usifunge juu ya kiungo, pitisha kijiti, zungusha hadi damu isimame. Andika saa uliyofunga, usifungue hadi kwa daktari. Na usafiri uwe umepangwa kabla ya msumeno kuwashwa: pikipiki ina mafuta, simu ina chaji, na mnajua ni kilima gani kina mtandao.

Kama wewe unayesoma hushiki chenso, huenda unamjua anayeshika, au unamjua anayemlipa. Mtumie huyo wa pili kwanza.